Ubao Uliosema Wote Wamefika

Nchi yenyewe inaitwa Tuliko. Msiitafute kwenye ramani. Mchora ramani alitumwa huko miaka mingi iliyopita, na mara ya mwisho kupiga simu alisema ameshafika.

Mji mkuu wa Tuliko umekatwa na mto. Upande mmoja watu wanalala, upande wa pili wanafanya kazi, na katikati kuna daraja moja tu, linaloitwa Daraja la Mshikamano. Jina hilo lilichaguliwa siku ya ufunguzi, kabla mtu yeyote hajajua ni kwa kiasi gani wananchi watakuja kushikamana juu yake. Asubuhi wote wanataka kuvuka kwenda, jioni wote wanataka kuvuka kurudi, na mchana daraja hupumzika pamoja na wale wa asubuhi ambao bado hawajashuka.

Serikali ya Tuliko ni sikivu sana. Ilipopata habari kwamba kuna foleni, iliunda Wizara ya Mwendo, ikaijengea ghorofa refu palepale daraja linaposhukia, ili wizara iwe karibu na tatizo. Tangu hapo wafanyakazi wote wa wizara wakawa wanavuka daraja kila asubuhi kwenda kuitafutia foleni dawa.

Mmoja wao alikuwa Gervas Luvanda, Mkurugenzi wa Makadirio. Alikuwa mtu mpole, mwenye suti moja ya rangi ya udongo ambayo hata vumbi lilikuwa limeikatia tamaa. Kazi yake ilikuwa kukadiria nani atatoka nyumbani saa ngapi, na kwa nini. Wenzake walimwona ana bahati, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi pekee serikalini ambayo mtu aliweza kuifanya akiwa amekwama njiani.

Na kweli, akiwa amekwama njiani Luvanda aligundua jambo. Aligundua kwamba mtu hatoki nyumbani kwa saa, hutoka kwa hofu. Hofu ya bosi humwambia toka sasa hivi. Hofu ya foleni humwambia subiri kwanza ipungue. Akiwa katikati ya hofu mbili, mtu hufanya nini? Huchungulia dirishani kumtazama jirani. Jirani akiwa bado yupo, basi kuna muda, anajiongezea chai. Jirani akiwasha gari, anaiacha chai inafuka mezani na kukimbilia funguo. Kwa kuwa kila mmoja ni jirani wa mwenzake, mtaa mzima hukaa ukinywa chai kwa utulivu, kisha mtaa mzima hutoka kwa pamoja kama watu waliosikia king'ora.

Alipomweleza Waziri, Mheshimiwa Dakta Balozi Nyakarungu, Waziri alifikiri kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Kwa hiyo tatizo ni chai?"

"Si chai, Mheshimiwa. Tatizo ni kwamba wote wanachagua wakati mmoja."

"Mbona ni jambo jema! Huo ndio umoja wa kitaifa."

"Ni kweli, Mheshimiwa. Ila daraja halijaujua umoja huo."

Waziri alicheka, maana alikuwa mtu wa watu, na siku hiyohiyo akaagiza wananchi watoke kwa zamu.

Zamu ya kwanza ilipangwa kwa herufi. Wenye majina ya A watoke alfajiri, wenye Z watoke jua likishapanda. Wiki haikuisha kabla nchi haijajaa akina Zakaria, Zubeda na Zawadi. Bwana Abeid, jirani wa Luvanda, mzee aliyehiji mara mbili, alijiita Zabibu na hakuona haya. Serikali ikafuta herufi, ikaleta vyeo: wakubwa watoke katika saa nzuri, wadogo wachukue zilizobaki. Hapo ndipo Tuliko ilipopata wakurugenzi wengi kuliko nchi yoyote duniani. Kulikuwa na Mkurugenzi wa Lifti, na Mkurugenzi Msaidizi wa Lifti Inaposhuka. Foleni ikabaki vilevile, ila sasa ilikuwa na heshima.

"Tunahitaji utafiti," akasema Waziri. "Tusipoijua foleni, tutaishindaje?"

Watafiti wakapakiwa kwenye magari kwenda kuwauliza wananchi wanatoka saa ngapi. Magari yakaingia darajani. Habari zao zilikoma hapo. Ndipo Waziri akatoa wazo ambalo mpaka leo linafundishwa katika vyuo vya Tuliko, kwamba utafiti ufanyike kwa simu. Kila asubuhi wananchi wapigiwe na kuulizwa swali moja tu: Uko wapi?

Hapa lazima nieleze tabia moja ya watu wa Tuliko, ambayo nchi nyingine hazina, au zinasema hazina. Mtu wa Tuliko akipigiwa simu na kuulizwa yuko wapi, hawezi kusema alipo. Si kwamba anadanganya. Ni adabu tu. Anayekuuliza uko wapi anakusubiri, na anayekusubiri ana kiu, basi humnyimi maji ya kuanzia. Unamwambia, nipo hapa nakaribia. Unamwambia, nimeshafika, napaki. Mama yako mzazi akikusubiri sokoni na wewe bado unatafuta soksi, unamwambia, nakuona kabisa, geuka nyuma.

Basi wizara ikapiga simu.

"Haloo, Wizara ya Mwendo hapa. Uko wapi, ndugu?"

"Nimeshafika, bwana. Naingia getini."

"Wewe dada?"

"Nipo ofisini tangu alfajiri. Hapa nasubiri wenzangu tu."

"Na wewe mzee, mbona nasikia maji yanamwagika?"

"Mvua, mwanangu! Huku ofisini inanyesha mvua kubwa ajabu," akajibu mzee kutoka bafuni, na sabuni ikamponyoka sakafuni.

Majibu yakaingizwa kwenye Ubao wa Taifa wa Foleni, ambao Luvanda mwenyewe aliuchora kwa akili yake yote. Ulijaza ukuta mzima wa ukumbi wa wizara. Barabara zote zilikuwepo, maofisi, hospitali, na Daraja la Mshikamano katikati. Anayesema amefika, balbu ya kijani inawaka pale alipokwenda. Anayesema hajafika, balbu nyekundu inawaka pale alipo. Ubao ukaunganishwa na simu zote za nchi ili usipitwe na neno. Asubuhi ya kwanza walipouwasha, maofisi yote yaling'aa kijani kama shamba la mpunga, na daraja likawa jeusi tii. Hapakuwa na mtu hata mmoja.

Luvanda alitazama Ubao. Kisha akatazama dirishani. Chini pale, magari yalikuwa yamejipanga kutoka ng'ambo hadi ng'ambo, na dereva mmoja alikuwa ametoka, amekaa juu ya boneti, anakata kucha.

"Mheshimiwa," akasema taratibu, "nahisi wananchi hawajasema hasa walipo."

Waziri akageuka. "Unasema wananchi wa Tuliko ni waongo?"

"La hasha, Mheshimiwa."

"Wananchi waliotuchagua?"

"Hapana, Mheshimiwa."

"Basi wamefika."

"Na wale kule chini?"

Waziri alisogea dirishani, akaangalia kwa uangalifu wa kitaalamu, kisha akashusha pazia. "Luvanda, wewe ndiye uliyeniambia tatizo la nchi hii ni kuchungulia madirisha."

*

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka, ukiacha magari. Bunge likapitisha Sheria ya Kufika, inayosema kwamba aliyesema amefika, amefika. Redio ikaanza kutangaza kila asubuhi kwamba barabara zote ni nyeupe. Askari wa usalama barabarani wakaondolewa darajani, maana wangemwongoza nani? Gari la wagonjwa lililokuwa likikaa katikati ya daraja likahamishiwa mbuga ya wanyama. Mpango wa daraja la pili ukafutwa, kwa kuwa hata hilo la kwanza halikuwa na mtu. Wachuuzi wa njugu na maji baridi waliokamatwa darajani walishtakiwa kwa kuuza bidhaa pasipo na wateja. Na Wizara ya Ujenzi, iliposikia daraja liko tupu, ikafunga nusu yake ili kuipaka rangi.

Luvanda akapewa nishani. Aliivaa siku moja. Mkewe, Mama Sekela, alipoiona alimwuliza, "Hii ya nini?"

"Ya kumaliza foleni."

"Ahaa. Na chakula cha jana usiku kililala mezani kikikusubiri kwa sababu gani?"

"Nilichelewa kazini."

"Umechelewa kazini au umechelewa darajani?"

Luvanda akavua nishani, akaiweka juu ya kabati.

Mama Sekela hakuwa mtu wa kuuliza kwa ajili ya ugomvi. Alikuwa na sababu. Binti yao Sekela alikuwa amerudi nyumbani kwa mama yake kujifungua mtoto wa kwanza, kama ilivyo desturi. Mumewe alikuwa kazini mpakani, mbali. Siku zilikuwa zimekaribia, na mtoto, alisema Sista wa kliniki, alikuwa amekaa vibaya, kwa hiyo siku ikifika wasijaribu mambo ya nyumbani, waje hospitali mapema. Hospitali ilikuwa ng'ambo ya daraja.

"Baba Sekela," akasema mkewe jioni moja wakiwa wanachambua mchele, "siku ikifika tutapitaje?"

"Daraja liko wazi, Mama Sekela."

"Nimekuuliza wewe. Sijauliza redio."

Luvanda akatoa jiwe moja kwenye ungo, akalitazama sana, akalirudisha.

"Baba," akasema Sekela akiwa kwenye mkeka, miguu imevimba, "huo Ubao wako umemkadiria na huyu?" Akagusa tumbo. "Atatoka saa ngapi?"

"Huyo hatuwezi kumkadiria."

"Kwa nini?"

"Huyo haogopi bosi," akasema Luvanda. Mama Sekela akacheka hata pumba zikamwingia puani.

*

Mtoto alichagua asubuhi, saa ileile ya watu wote. Alikuwa msafiri pekee katika nchi ya Tuliko ambaye hakumtazama jirani kwanza.

Walimweka Sekela kiti cha nyuma, kichwa kwenye mapaja ya mama yake, kanga mbili, chupa ya uji wa moto na beseni. Luvanda aliendesha vizuri mpaka pale barabara inapopandia daraja. Kisha akaendesha kidogo. Kisha akasimama nyuma ya lori la matofali. Nusu ya daraja ilikuwa imefungwa, na mafundi wa rangi walikuwa wamelala chini ya makopo yao wakisubiri rangi ambayo ilikuwa imekwama nyuma kwenye foleni.

Kwenye redio mtangazaji akasema barabara zote ni nyeupe.

Simu ikalia. Alikuwa Sista Genoveva wa wodi ya wazazi, mwanamke mwenye sauti ya kumfanya hata daktari asimame wima. "Baba Sekela? Mama Sekela amenitumia ujumbe uchungu umeanza. Mko wapi?"

Na Luvanda, Mkurugenzi wa Makadirio, aliyezaliwa na kukulia Tuliko, akajibu kama ulimi wake ulivyolelewa. "Tumeshafika, Sista. Tunaingia getini."

Kule wizarani balbu moja ya kijani ikawaka hospitalini.

"Baba," akasema Sekela kutoka nyuma, kwa meno yaliyoumana, "geti gani?"

Luvanda akashika usukani. Lori la matofali likasogea kiasi cha tofali moja.

Simu ikalia tena. "Mbona siwaoni? Nimekwenda getini, nimekwenda mapokezi, nimefunua mashuka ya watu. Mko mlango upi?"

"Tunapaki, Sista."

"Baba Sekela!" Mkewe alikuwa amehamia miguuni kwa Sekela, amelishika bega la kiti chake kwa nguvu. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomtisha. "Mtoto anatanguliza mguu. Nimeuona. Wewe unampakia nani hapa?"

Luvanda aligeuka akamwona binti yake. Uso ulikuwa umelowa, macho yamemkazia yeye, kama alipokuwa mdogo akiwa na homa na kuamini kwamba baba anajua la kufanya. Nje, muuza njugu aligonga kioo, akatazama ndani, akaondoka taratibu.

Luvanda akaweka simu sikioni. Alisema baadaye kwamba maneno yale yalikuwa mazito mdomoni kama lugha ya watu wengine.

"Sista. Hatujafika."

"Unasemaje?"

"Hatujafika. Tuko darajani, katikati, nyuma ya lori la matofali. Hatusogei. Mtoto ametanguliza mguu."

Katika miaka yake yote ya kazi Sista Genoveva hakuwahi kuambiwa mahali mtu alipo. "Rudia," akasema, na sauti yake ilikuwa imelainika.

"Niko darajani, Sista. Sijafika."

"Asante, baba yangu. Nakuja kwa miguu. Mwambie asisukume."

Na kule wizarani, katikati ya daraja jeusi tii, ikawaka balbu moja nyekundu.

Fundi wa Ubao aliangusha kikombe. Aliifuta balbu kwa leso akidhani ni uchafu, akaigonga kwa kucha, kisha akampigia Waziri, na Waziri akampigia Luvanda.

"Luvanda! Kuna mtu darajani!"

"Ni mimi, Mheshimiwa."

"Afadhali uko hapo. Mtafute umwondoe."

"Mheshimiwa, mtu mwenyewe ndiye mimi."

Waziri akavuta pumzi. "Sikiliza, ndugu yangu. Leo tuna wageni. Wametoka nchi jirani kuja kujifunza kwetu. Nataka useme neno moja tu. Sema umefika. Ikizimika hiyo balbu, utakuwa Katibu Mkuu kabla ya chakula cha mchana."

Luvanda aliijua sheria, maana alikuwemo kwenye kamati iliyoiandika. Hospitali haiwezi kumruhusu mganga kutoka kumfuata mgonjwa aliyekwisha kufika. Muda huo Sista Genoveva alikuwa getini na begi lake, na mlinzi alikuwa anauliza wizarani kama kweli kuna mtu hajafika. Balbu ikizimika, geti linafungwa.

"Luvanda? Umefika?"

Nyuma yake Sekela alilia, sauti ndefu, ya chini, iliyofanya madereva wa pande zote wageuze shingo.

"Sijafika, Mheshimiwa," akasema Luvanda. "Na wewe usinipigie tena, nahitaji simu hii."

Sista Genoveva alikuja anatembea katikati ya magari, gauni jeupe, begi begani, anawapita wakurugenzi wa kila aina. Wachuuzi wakashika kanga kulizunguka gari kama ukuta. Mwanamke mmoja kutoka gari la mbele akaleta maji yake ya moto ya chai ambayo hakuwahi kuimaliza nyumbani. Dereva wa lori la matofali alizima injini ili pawe kimya. Kazi ilikuwa ndefu, na Sista alimtukana kila mtu aliyekuwa karibu, akiwemo mtoto. Kisha mtoto akalia, na daraja zima likapiga honi.

Alikuwa msichana. Walimwita Atupele. Karani wa vizazi alipoombwa aandike kazaliwa wapi, alikataa kuandika darajani, kwa sababu darajani hapakuwa na mtu.

"Alikuwepo mmoja," akasema Mama Sekela. "Ubao wenu ulimwonyesha."

*

Na hilo ndilo lililomponza mumewe.

Wageni wa nchi jirani waliuliza, kwa heshima, ule wekundu ni wa nini. Serikali ikaunda tume. Tume ikaukagua Ubao kwa makini na kugundua ukweli usiopingika: kwamba siku ile, katika daraja zima, kulikuwa na mtu mmoja tu. Na kwa kuwa wakati huohuo malalamiko ya foleni yalipokelewa, hakuna mwingine aliyeweza kuwa ameisababisha. Luvanda akashtakiwa kwa kosa la Kusababisha Foleni Peke Yake, ambalo adhabu yake ni miaka kumi.

"Lakini kulikuwa na magari mengi!" akasema mbele ya tume.

"Taja mmoja aliyekuwepo."

Akawataja jirani zake. Wakaitwa. Mmoja baada ya mwingine wakaapa kwamba asubuhi ile walikuwa wameshafika. Bwana Zabibu aliapa huku akiangalia viatu vyake.

"Na Ubao wenyewe unaweza kukosea," akasema Luvanda.

Mwenyekiti wa tume akavua miwani kwa huzuni. "Mzee Luvanda, huo Ubao ameuchora mtu mwenye nishani."

Siku chache kabla ya kesi, Waziri alimfuata nyumbani. Alikunywa chai, akambeba mtoto, akasema amefanana na babu yake. Kisha akasema mambo yako mepesi sana. Kesi itasikilizwa kwa simu, kwa mujibu wa Sheria ya Kufika. Jaji atauliza mshtakiwa uko wapi. Luvanda ajibu nimefika. Balbu nyekundu, ambayo kwa sababu za kisheria haijazimwa tangu siku ile, itazimika, na pasipo na mtu darajani hapana kosa.

"Neno moja tu. Hata mtoto huyu anaweza," akasema Waziri.

"Na karani wa vizazi ataandika nini?" akauliza Sekela.

"Ataandika alizaliwa hospitali, mwanangu. Pazuri zaidi."

Sekela akamchukua mtoto wake kutoka mikononi mwa Waziri.

Asubuhi ya kesi waliondoka wote wanne, Atupele akiwa mapajani. Luvanda alikuwa amevaa suti ya udongo. Alikuwa bado hajaamua atasema nini. Miaka kumi ni mingi kwa mtu mwenye mjukuu mchanga, na neno moja ni dogo, na katika maisha yake alikuwa amelisema mara nyingi sana bure. Walisimama katikati ya daraja, palepale. Hata lori la matofali lilikuwepo, ila sasa dereva wake aliwapungia mkono.

Simu ikalia.

"Mahakama imeketi," ikasema sauti nzito ya Jaji Mwinshehe. "Jamhuri dhidi ya Gervas Luvanda. Watu wote wasimame."

"Njugu! Njugu moto!" ikasikika ndani ya simu.

"Kimya mahakamani," akasema Jaji.

Luvanda alikunja uso. Aliisikia tena ile sauti ya njugu, mara hii kutoka dirishani, na papo hapo ikarudi kwenye simu. Mama Sekela alimgusa kwa kiwiko.

"Baba Sekela. Yule si Jaji?"

Kwenye gari la upande wa pili, karibu kiasi cha kupeana chumvi, alikaa mzee mmoja amevaa joho jekundu na wigi jeupe, simu sikioni, macho mbele. Kwenye mapaja yake palikuwa na karatasi ya njugu iliyofunguliwa.

"Mshtakiwa," ikasema simu, na midomo ya yule mzee ikacheza sawasawa, "uko wapi?"

Sekela alimtazama baba yake kwenye kioo. Atupele alikuwa ameamka, anashangaa wigi.

Luvanda akashusha kioo.

"Mheshimiwa Jaji," akasema, "niko darajani. Sijafika. Niko kushoto kwako."

Jaji aligeuza shingo polepole, kama mtu anayeogopa atakachokiona. Akamwona Luvanda na simu yake. Akamwona mama, bibi, na kile kichanga kilichokuwa kikimkodolea macho bila adabu yoyote. Alitazama mbele, lori. Alitazama nyuma, magari mpaka macho yakaisha. Akala njugu moja. Watu waliokuwa karibu walizima redio zao.

"Mahakama hii," akaanza. Akalivua wigi, akalikunguta, akalirudisha. "Mahakama hii inaiahirisha kesi."

"Mpaka lini, Mheshimiwa?" ikauliza sauti ya mwendesha mashtaka, ambaye alikuwa ameketi mahali fulani penye kelele nyingi za honi.

"Mpaka mahakama itakapofika."

Kule wizarani, karibu kabisa na ile balbu nyekundu, ikawaka ya pili. Nyuma ya lori la matofali dereva mmoja alimwuliza jirani yake kuna nini, akaitoa simu yake mfukoni, akamwambia mkewe alipo. Ya tatu ikawaka. Halafu zikaja nyingi, moja juu ya nyingine, daraja zima likawa jekundu ng'ambo hadi ng'ambo, na wale wageni wa nchi jirani, ambao walikuwa bado hawajaondoka, wakasema ni nzuri sana, inaonyesha nini?

Fundi wa Ubao akampigia Waziri. "Mheshimiwa, tufanye nini? Uko wapi?"

"Nimeshafika," akasema Waziri, na nyuma yake mtu akanadi njugu. "Nipo hapo mlangoni, naingia."

Fundi, ambaye ni mtu mwenye adabu, akaenda kumfungulia mlango. Inasemekana bado ameushika.